Kazi za Mikono: Seremala Ajifulia Patasi Zake

Patasi isiyoshika makali ni hasara ya kila siku. Seremala huinoa asubuhi, hutoboa nayo matundu mawili matatu ya miguu ya kiti, kisha huona ya kuwa ncha imekunjika kama kipande cha bati. Huinoa tena, na kabla ya adhuhuri imekunjika mara ya pili. Ziko nyingine zenye ubaya wa namna tofauti: hazikunjiki, bali hukatika, na kipande kikiruka hakichagui pa kwenda. Mbao za mvule na za mzeituni wa mwituni hazikisamehe chombo dhaifu. Mtu aliyenunua patasi sita kwa bei ya kumfurahisha, zikimetameta ndani ya kasha lao, aghalabu huja kutambua ya kuwa amenunua mipini sita na chuma kidogo.

Kwa sababu hiyo wako maseremala, katika nchi hii na katika nchi nyingine, ambao wameanza kujifunza uhunzi. Hawakusudii kuacha mbao. Hufanya hivyo Jumamosi alasiri au jioni baada ya kazi, kama wengine wanavyofuga njiwa ama kucheza bao, na haja yao ni kujifulia vyombo vichache tu: patasi, kisu cha kuchongea, tezo, na kwa aliyeendelea, kisu cha randa. Jambo hili ni jema, wala si gumu kama lionekanavyo kwa mbali. Lakini lina sehemu moja ambayo sharti ieleweke barabara, kwa kuwa hapo ndipo wengi huharibu kazi ya siku nzima kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo mtu huweza kupoteza jicho. Sehemu hiyo ni kukipa chuma ugumu, na kisha kukipunguzia ugumu ule ule kiliopewa.

Wazee wa kale wangalistaajabu kumwona mchonga mbao ameshika nyundo ya mhunzi. Katika nchi ya Wakikuyu uhunzi ulikuwa kazi yenye wenyewe, baba akimfundisha mwanawe. Mchanga mweusi wenye chuma ulioshwa mitoni, ukatiwa motoni pamoja na makaa, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikavuma mpaka chuma kikapatikana. Mhunzi, aliyeitwa muturi, aliheshimiwa na pia aliogopwa, kwa maana laana yake ilihesabiwa kuwa nzito kupita laana ya watu wengine. Routledge na mkewe walieleza habari za kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910, na Jomo Kenyatta akaieleza tena katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Kwa Wamasai mambo yalikuwa makali zaidi. Wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa, wala watu wengine hawakuoana nao, ingawa mikuki na sime za wamorani zilitoka mikononi mwao. Ni ajabu ya wanadamu kumdharau mtu ambaye bila yeye hawawezi kwenda vitani.

Uzio huo umekwisha kuanguka. Chuma cha meli kilipofika kwa wingi, haja ya kuosha mchanga ilikwisha, na kazi iliyobaki ya kukifua ikawa wazi kwa mtu ye yote mwenye mkono na subira. Skuli ya ufundi ya Kabete, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ilifundisha vijana wa makabila mbalimbali bila kuuliza kama babu zao walikuwa wahunzi. Na mtu apitaye leo Kamukunji, Nairobi, akisikiliza zile kelele za nyundo juu ya mabati na vyuma, hataweza kujua kwa macho ni nani aliyezaliwa katika nyumba ya muturi na ni nani aliyekuja mjini akitafuta kazi.

Katika Ukambani mbao na chuma zimekuwa majirani kwa muda mrefu zaidi. Husimuliwa ya kuwa Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga sanamu alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, naye aliporudi kwao akaanzisha kazi ambayo baadaye iliwalisha maelfu ya watu. Kazi hiyo isingaliwezekana kwa vyombo vya dukani. Mchongaji ahitaji tezo ndogo yenye kupinda kwa kadiri ya mkono wake mwenyewe, na tezo ya namna hiyo haiuzwi katika duka la vyuma. Hufuliwa na mhunzi wa karibu kwa springi ya motokaa au tupa iliyokwisha meno.

Wala Afrika si peke yake. Benjamin Huntsman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1704, alikuwa mtengeneza saa, naye alichoka na feleji mbovu aliyoipata kwa ajili ya springi za saa zake. Badala ya kunung'unika tu, alihamia Handsworth karibu na mji wa Sheffield, akafanya majaribio mengi, na katika miaka ya 1740 akafaulu kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo wenye kustahimili moto mkali mno. Inasemekana wafua visu wa Sheffield waliikataa feleji yake mwanzoni, wakidai ni ngumu kupita kiasi. Wafaransa wakainunua, na ndipo watu wa Sheffield walipozinduka. Karibu na wakati wetu alikuwako Alexander Weygers, aliyezaliwa Java mwaka 1901 akaja kuwa mchongaji wa sanamu California katika Marekani. Alijifulia vyombo vyake kutokana na vyuma vilivyotupwa, na mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, The Making of Tools, ambacho wapenda uhunzi wangali wakikisoma.

Basi, seremala anayetaka kuanza ahitaji nini? Si vitu vingi. Wengi hudhani ya kuwa ni lazima kununua fuawe kubwa ya chuma yenye pembe, na kwa kuwa bei yake hutisha, hukata tamaa kabla ya kuwasha moto. Kipande cha reli cha urefu wa mkono, kilichosimamishwa wima na kufungwa imara katika gogo, chatosha kabisa kwa kufua patasi. Kimo chake kiwe sawa na ngumi ya mtu aliyesimama na kuteremsha mkono wake. Lakini kipande hicho kisiokotwe njiani mwa gari la moshi! Kinunuliwe kwa mwuza vyuma vikuukuu mwenye leseni, tena kwa stakabadhi. Tangu mwaka 2015 iko sheria ya biashara ya vyuma hivyo, na mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, biashara yote ilisimamishwa kwa miezi kadhaa. Fundi mwenye stakabadhi hana haja ya kumwogopa askari.

Nyundo ya kilo moja yafaa kuliko nyundo kubwa, kwa kuwa mkono uliochoka hupiga ovyo. Koleo liwe refu, na mdomo wake uushike ule unene wa chuma kinachofuliwa. Koleo lisiloshika vizuri huachia chuma chekundu kikaangukia mguuni. Meko yaweza kuwa ngoma ya breki ya lori iliyotobolewa chini na kuungwa bomba, au shimo tu lililokandikwa udongo. Upepo waweza kutoka katika mivukuto miwili ya ngozi inayovutwa kwa zamu ili pumzi isikatike, au katika feni ndogo inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Mkaa wa kawaida wa kupikia hufanya kazi vizuri sana, ila hupungua upesi kuliko mtu anavyotazamia, na mke wa fundi hataukosa kuuliza kuhusu gunia lake.

Jambo kubwa kuliko hayo yote ni kukijua chuma chenyewe. Vyuma hufanana kwa macho, lakini havifanani kwa tabia. Kinachofanya chuma kiweze kugeuka kigumu ni kaboni iliyomo ndani yake, nayo ni kidogo mno. Chuma laini cha madirisha na mageti kina kaboni isiyofika robo ya asilimia moja, na hata kikichomwa na kuzamishwa mara mia hakitapata makali. Springi ya motokaa ina asilimia 0.6 hivi, hiyo ndiyo feleji ya kutosha kwa patasi na tezo, tena ni ngumu kuvunjika. Tupa nzuri ya kizamani ina asilimia moja au kupita, nayo hutoa kisu kikali ajabu, ila ni rahisi kuvunjika. Nondo za kujengea nyumba ni bahati nasibu. Moja hukubali na ya pili hukataa, na hakuna alama ya kuzitofautisha kwa nje. Hata tupa za siku hizi si zote za kuaminiwa, kwa maana nyingine ni chuma laini kilichokazwa ngozi ya juu tu.

Kwa hiyo fundi asisadiki, bali apime. Achukue kipande kidogo, akichome mpaka kiwe chekundu sawasawa, akizamishe katika maji, kisha akipige tupa. Tupa ikiteleza juu yake kama juu ya kioo, ni feleji. Ikiuma na kukwangua, ni chuma laini, nacho kirudishwe katika lundo la kutengenezea bawaba. Mwenye mashine ya kusagia aweza pia kutazama cheche: za chuma laini ni mistari mirefu isiyochanua, na za feleji hupasuka mwishoni kama vichaka vya nyota.

Patasi ya kwanza ifuliwe kutoka springi ya mviringo ya gari dogo, kwa sababu duara moja likikatwa na kunyoshwa motoni huwa fimbo ya unene wa kidole, na kazi nusu imekwisha kufanyika. Chuma kikiwa na rangi ya machungwa yaliyoiva hupokea nyundo kama udongo. Kikirudi kuwa chekundu cha giza, kiachwe, kirudi motoni. Kukipiga kikiwa karibu kupoa ni kukitia nyufa ambazo hazitaonekana mpaka siku ya kuzamishwa. Na upande wa pili wa hatari ni kuuzidisha moto: feleji ikifika weupe ikaanza kurusha cheche ingali ndani ya makaa, imeungua, wala hakuna dawa ya kuiponya ila kukata sehemu hiyo na kuitupa. Wenye kuanza huvuta mivukuto kwa nguvu nyingi wakidhani kazi itaenda upesi. Moto wa mhunzi ni wa kutazamwa kuliko wa kuchochewa.

Kwanza hufuliwa mkia utakaoingia katika mpini, mwembamba kuelekea mwisho, na bega lake la kuzuia. Kisha mwili hubambatuliwa kwa upana unaotakiwa. Seremala atatambua ya kuwa akipiga upande mmoja wa makali, chuma hupinda kuelekea upande wa pili. Basi akirudishe mara kwa mara, kama anavyourudisha ubao uliopindwa na jua. Makali yasifuliwe kuwa membamba sasa. Yaachwe na unene wa sarafu, maana ncha nyembamba hupata moto kabla ya mwili, huungua, na ikizamishwa hujikunja au hupasuka. Kuisaga kuwa nyembamba ni kazi ya mwisho.

Umbo likiwa tayari, chuma kichomwe kuwa chekundu na kuachwa kipoe hewani, mara tatu. Nyundo imekisumbua, na kupumzishwa huku hukiondolea msukosuko. Mara ya mwisho kifukiwe katika jivu kavu kilale usiku kucha. Asubuhi kitakuwa laini, chenye kupokea tupa, na hapo seremala yu nyumbani kwake: anyoshe mgongo wa patasi, asawazishe mbavu, apige msasa. Uso wa nyuma wa patasi uwe tambarare kama kioo cha dirisha, na hapa seremala humshinda mhunzi wa kawaida, kwa kuwa yeye ajua chombo hicho kitafanya nini juu ya mbao.

Sasa yaja ile sehemu iliyotajwa mwanzoni. Ifanywe jioni au mahali penye kivuli, maana jua huidanganya rangi ya chuma. Nchi ya makali, kwa urefu wa vidole vitatu hivi, ichomwe polepole na sawasawa. Fundi awe na sumaku iliyofungwa katika waya. Chuma kikifika digrii 770 hivi za Sentigredi, sumaku haikishiki tena. Hukaa kando kama kwamba kile si chuma. Baada ya hapo kiongezwe moto kidogo tu, rangi ing'ae kidogo kuliko ilivyokuwa, kisha kitolewe na kuzamishwa wima katika mafuta ya kupikia yaliyotiwa joto kiasi cha kuweza kuvumilika kwa kidole. Kipandishwe na kushushwa, kisitikiswe kwenda upande, kisije kikapinda. Maji yangekipoza kwa haraka zaidi, na kwa feleji ya springi haraka hiyo mara nyingi huleta ufa wenye mlio mdogo unaovunja moyo. Chombo cha mafuta kiwe cha bati, kirefu, chenye kifuniko karibu, kwa sababu mafuta yaweza kushika moto juu, na moto huo haumwagiwi maji.

Tupa sasa itateleza. Fundi mpya hufurahi, akaisaga patasi yake saa ile ile, akaitia mpini na kuipiga nyundo. Hilo ndilo kosa lililoumiza watu. Patasi iliyotoka katika mafuta ni ngumu kama kioo na ni dhaifu kama kioo; ikianguka juu ya sakafu ya saruji yaweza kukatika vipande viwili, na ikipigwa yaweza kurusha kipande chenye makali usoni mwa mwenye kuishika. Sharti ipunguziwe ugumu kwanza, tena siku hiyo hiyo, isilale hivyo.

Kazi hii hufanyika kwa macho. Patasi husuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae cheupe, kisha hupewa moto mdogo kutoka upande wa mkia, si upande wa makali, na fundi hutazama. Mara rangi zitaanza kutembea juu ya weupe ule kama kivuli cha wingu juu ya shamba. Ya kwanza ni rangi ya nyasi kavu, penye digrii 220 au 230. Nyuma yake huja kahawia, karibu na 250. Kisha zambarau, kama 280. Kisha buluu, karibu na 300. Rangi ya nyasi kavu ifikapo katika ncha, kisu cha kuchongea kimekuwa tayari nacho huzamishwa kisije kikaendelea. Patasi ya kupigwa kwa nyundo ya mti ingojewe mpaka nyasi ianze kugeuka kahawia. Tezo, ambayo hupigwa kwa nguvu juu ya vifundo vya mti, ipewe kahawia yenye kuelekea zambarau. Buluu ni ya springi, wala si ya makali ya seremala. Mwenye jiko la umeme lenye kipimo aweza kuiweka patasi ndani kwa digrii 220 muda wa saa moja, mara mbili, akapata matokeo yaliyo sawasawa zaidi, ingawa atakosa kuziona rangi zikitembea, na kuziona ni nusu ya raha ya kazi hii.

Hapa seremala aliyekwisha kuziona rangi hizo mara moja huanza kuvitazama vyombo vyake vya zamani kwa macho mapya. Ni mara ngapi ameona ncha ya patasi ikigeuka buluu juu ya jiwe la kusagia la umeme, akaipuuza kama doa tu? Ile buluu ni ile ile ya springi. Maana yake ni kwamba joto la jiwe lilipita digrii 300 katika ncha ile nyembamba, na ugumu uliotiwa kiwandani ukatoka. Patasi nyingi zinazolaaniwa kuwa mbovu tangu dukani ziliuawa na mwenyewe juu ya jiwe. Dawa yake si ngumu: ncha iliyogeuka buluu isagwe polepole mpaka iishe yote, na chuma kizamishwe katika maji kila baada ya kugusa jiwe mara mbili tatu, kabla hakijaanza kuunguza vidole. Kama baada ya hayo ncha ingali laini, na kipimo cha tupa kikaonyesha kuwa ni feleji, basi irudishwe motoni, izamishwe na kupunguziwa kama mpya. Seremala wa namna hii huweza kuzifufua patasi alizokwisha kuzitupa chini ya meza, na za jirani zake pia.

Msomaji ataweza kuuliza kama kuna faida ya fedha. Mwanzoni hakuna. Kwa kuhesabu mkaa, mafuta, koleo, na Jumamosi kadhaa, patasi tatu za kwanza zitakuwa ghali kuliko patasi nzuri ya dukani, na huenda mbili kati yake zikapasuka. Mtu aliye na kazi nyingi za wateja na watoto wa kulipia karo asiache meza za watu akakimbilia moto kwa tamaa ya kuokoa shilingi. Faida huanza pale anapohitaji chombo kisichouzwa: patasi iliyopinda ya kukwangua ndani ya bakuli, kisu chembamba cha kuingia katika nakshi ya mlango, randa ndogo ya kutia mfuo wa upana fulani. Mambo hayo hakuna duka linaloyajibu.

Hatari nyingine zatosha kutajwa kwa ufupi, lakini zisisomwe kwa ufupi. Chuma kilichopakwa zinki, kama bomba la maji au bati la nyumba, kisitiwe motoni kamwe. Moshi wake mweupe huleta homa na kifua kubana. Macho yafunikwe kwa miwani ya kazi wakati wa kufua na wakati wa kusaga. Nguo ziwe za pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Nyundo isipigwe juu ya nyundo, wala watoto wasisimame mbele ya fuawe. Na lililo kubwa kwa seremala kuliko kwa mhunzi: meko yasiwe ndani ya kiwanda cha mbao. Unga wa msumeno na maganda ya randa hungoja cheche moja tu, na cheche yaweza kujificha humo kwa saa nyingi kabla ya kuwaka usiku wakati watu wamelala. Moto uliozuka katika soko la Gikomba, Nairobi, Juni 2018, uliua watu wasiopungua 15. Chanzo cha moto kiwe kiwacho chote, penye mbao kavu zilizobanana hakuna nafasi ya kukimbia. Basi meko yajengwe nje, upande ambao upepo hauelekei kiwandani, penye ndoo ya mchanga na ndoo ya maji, na fundi asiende kulala kabla ya kuyazima makaa kabisa.

Yabaki kutia mpini, nayo ni kazi ambayo seremala hahitaji kufundishwa. Ila mkumbusho mmoja hauna ubaya: mkia wa patasi usichomwe na kusukumwa motomoto ndani ya mpini mpaka mwisho, kama wafanyavyo wengine, kwa maana joto hilo hupanda na kuipokonya patasi ugumu wake, nao mti ulioungua ndani huachia upesi. Tundu litobolewe kwa keekee, kubwa juu na dogo chini, mkia uingizwe ukiwa baridi, na noleo la bomba la shaba livishwe ili mti usipasuke. Kisha patasi inolewe juu ya kinoo kwa mafuta, mgongo kwanza, uso baadaye, mpaka kile kinyweleo cha chuma kinachobaki katika ncha kianguke chenyewe.

Kipimo cha mwisho kifanywe juu ya mti laini, wala si juu ya mti mgumu kama wengi wanavyodhani. Mti mgumu hukubali kukatwa hata na makali ya wastani, lakini kichwa cha ubao wa saiprasi, pale nyuzi zinapotazama juu, huponda na kurarua mbele ya patasi isiyo kali. Chombo kikipita hapo kwa kusukumwa na mkono peke yake, kikaacha uso unaong'aa, kipigwe nyundo ya mti mara hamsini katika mvule na kurudishwa katika saiprasi ile ile. Kikikata tena kama mara ya kwanza, kipakwe mafuta kidogo na kuwekwa katika kasha pamoja na zile patasi za dukani.